KIPIMO CHA VVU KIWE KAMA CHA PRESHA, NA KARATASI YA MAJIBU ISILETWE KWA IMAMU

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Darsa la leo ni refu kidogo. Soma taratibu, ukimaliza mfikishie mwenzako.

Kuna maswali mawili yananifika mara kwa mara. La kwanza linaletwa na wazazi: "Sheikh, mbona wewe hudai cheti cha UKIMWI kabla ya kufungisha ndoa, wakati maimamu wengine wanadai?" La pili linaletwa na vijana na kina mama: "Sheikh, bima ya afya si haramu? Na nikienda kupima nikiwa na kadi ya bima, kazini hawatajua?"

Watu wanadhani haya ni maswali mawili yasiyohusiana. Mimi naona ni swali moja. Watu wetu hawapimi kwa sababu ya hofu mbili: hofu ya kujulikana, na hofu ya gharama za kuumwa. Hofu ya kwanza inaondolewa na amana. Hofu ya pili inaondolewa na kuchangiana, na bima ndiyo kuchangiana kwenyewe. Msikiti una kazi katika yote mawili. Tukiacha mojawapo, watu wataendelea kukaa majumbani wakisubiri mpaka wazidiwe.

TUANZE NA HALI ILIVYO

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa letu hili hili. Wazee wanaokumbuka miaka iliyofuata wanajua tulivyozika. Hakukuwa na dawa.

Leo hali si ile. Serikali ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi bure mwaka 2004. Tangu mwaka 2016, mtu akikutwa na VVU anaanzishiwa dawa mara moja, hasubiri kinga ishuke. Wengi wao wanameza kidonge kimoja kwa siku.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba watu wazima wanaoishi na VVU ni asilimia 4.4. Sasa nifuate hapa polepole. Katika kila watu 100 wanaoishi na virusi, karibu 83 walikuwa wanajua hali yao. Katika kila 100 wanaojua, karibu 98 walikuwa kwenye dawa. Katika kila 100 walio kwenye dawa, 94 virusi vyao vilikuwa vimefubaa.

Tundu liko wapi? Si kwenye dawa. Si kwenye kumeza dawa. Liko mlangoni kabisa, kwenye kujua. Watu 17 katika kila 100 wanatembea na virusi bila habari. Huyo hamezi dawa kwa sababu hajui, na anaweza kumwambukiza mke wake anayempenda bila kukusudia. Lakini yule aliye kwenye dawa, virusi vikafubaa mpaka kipimo hakivioni, na akaendelea na dawa zake, hamwambukizi mwenza wake kwa tendo la ndoa. Hilo limethibitishwa na madaktari duniani.

Kwa hiyo yule unayemnyooshea kidole akitoka kituo cha tiba na matunzo na kimfuko chake, huyo ameshafanya wajibu wake. Wa kuhofiwa ni asiyepima. Na anaweza kuwa mimi. Anaweza kuwa wewe.

WANAUME, HAPA NAWASEMA NINYI

Mama mjamzito akifika kliniki anapimwa presha, wingi wa damu, kaswende na VVU. Hakuna anayemuuliza kwa nini amepima, wala hakuna anayemtilia shaka. Ndiyo maana ya kipimo cha kawaida. Kimekuwa sehemu ya huduma, aibu imeondoka, na watoto wengi wamezaliwa salama kwa sababu hiyo.

Mume je? Yuko nje ya geti, amekaa juu ya pikipiki. Mke akitoka anaulizwa, "Umepima? Uko salama?" Akijibu yuko salama, bwana naye anajihesabu salama, anawasha pikipiki wanaondoka. Ndugu yangu, majibu ya mke wako si majibu yako. Wapo wanandoa wengi ambao mmoja anavyo virusi na mwingine hana. Kampeni ya Furaha Yangu ya mwaka 2018 ililenga wanaume kwa sababu hiyo hiyo: wanawake wanakutana na kipimo kliniki, wanaume hawakutani nacho popote.

Mkoa wetu una wanaume wengi wanaoishi mbali na nyumba zao na mbali na zahanati. Kuna wavuvi wanaohama mwalo hadi mwalo, leo Musoma, kesho Kisorya, keshokutwa Ukerewe. Kuna vijana wa machimbo ya Buhemba. Kuna madereva na wafanyabiashara wa njia ya Sirari. Siwasemi kwa ubaya, hawa ndio wanaotulisha. Nasema tu kwamba hakuna kliniki inayowasubiri kama inavyowasubiri wake zao.

Hata mwenye bima hajasalimika. Anakwenda hospitali mara tano au sita kwa mwaka. Homa, mgongo, presha, kikohozi. Kadi inahakikiwa, anaandikiwa dawa, anarudi nyumbani. Mganga anaona haya kumtajia VVU mzee mwenye kanzu. Na mzee naye anashukuru hakutajiwa. Miaka 10 inapita hivyo.

Mtoa huduma anaruhusiwa kukushauri upime, na wewe una haki ya kukubali au kukataa. Mimi nakwambia usimsubiri akushauri. Siku unayopimwa presha, sema mwenyewe: "Na VVU pia, tafadhali." Ni maneno manne. Mganga atashukuru umemwondolea mzigo.

HOFU YA KWANZA: KUJULIKANA

Sasa narudi kwa wazazi na cheti chao. Mzazi mmoja alinijia na bahasha ya majibu ya mchumba wa binti yake. Alitaka niifungue na nimwambie kama ndoa iendelee. Nilimrudishia ikiwa imefungwa. Hakufurahi. Nampa jibu hapa, yeye na wenzake, kwa sababu nne.

Kwanza, majibu ya mtu ni amana. Mtume SAW ametufundisha kwamba anayemsitiri Muislamu mwenzake, Allah atamsitiri duniani na akhera. Imepokewa na Muslim. Na sheria ya nchi inakubaliana na hilo. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inayafanya majibu kuwa siri, na inakataza kumlazimisha mtu kupima isipokuwa kwa amri ya mahakama, kwa anayetoa kiungo cha mwili kumpa mwingine, na kwa makosa ya kujamiiana. Imamu hayumo katika orodha hiyo.

Pili, karatasi haisemi unachodhani inasema. Mtu akiambukizwa leo, kipimo cha kawaida kinaweza kisimwone kwa wiki kadhaa, na ndiyo maana huambiwa arudie baada ya miezi 3. Cheti kinakuonyesha alivyokuwa jana, hakikuhakikishii kesho. Na mnajua wenyewe kwamba karatasi inaweza kuchongwa mjini.

Tatu, ukiufanya mlango wa ndoa kuwa mlango wa fedheha, vijana hawataupita. Wataishi kinyumba bila nikah, na bila kupima vilevile. Utakuwa umepoteza yote mawili.

Nne, aliyekutwa na virusi hajapoteza haki yake ya kuoa au kuolewa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lenye makao yake Jeddah, lilikaa Abu Dhabi mwaka 1995 likalitazama suala la UKIMWI. Wanazuoni wale walisema mwenye virusi si lazima atengwe na watu, kwa kuwa ugonjwa huu hauambukizwi kwa kukaa pamoja na kula pamoja. Wakasema kumwambukiza mtu kwa makusudi ni haramu na ni dhambi kubwa. Wakampa mwenza aliye salama haki ya kudai kuachana akitaka. Hawakusema watu waitwe mbele ya jamaa wasomewe majibu.

Msinielewe vibaya. Sisemi watu wafiche. Kumficha mchumba jambo kama hili ni ghishi, na mkataba wa ndoa hauwi mzuri juu ya ghishi. Mtume SAW alikataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kunywa pamoja na ngamia wazima wa mwenzake. Imo katika Bukhari na Muslim. Sisi watu wa Mara tunaofuga ng'ombe tunalielewa hilo bila kufasiriwa. Ikiwa ng'ombe wa jirani ana haki hiyo, binti wa watu je? Na sheria ile ile ya 2008 inamtaka aliyepima amwambie mwenza wake, na anayeambukiza kwa makusudi anafungwa miaka 5 hadi 10.

Basi tunafanyaje? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya ndoa itolewe siku 21 kabla. Siku 21 zinatosha. Nawaambia wachumba waende pamoja, waingie pamoja kwa mshauri, wapokee majibu pamoja, wazungumze wao wawili. Wakirudi kwangu nawauliza swali moja tu, kila mmoja kwa wakati wake: "Unajua kuhusu mwenzako kile unachopaswa kujua, na yeye anajua chako?" Akisema ndiyo, nafungisha. Akisita, nawarudisha wakazungumze. Majibu yenyewe siyataki kuyaona. Kama wote wawili wamejua na wameridhia, mimi ni nani nizuie?

HOFU YA PILI: GHARAMA

Wengine wanasema, "Kupima bure, dawa za kufubaza bure, bima ya nini?"

Ni kweli, kipimo cha VVU na dawa zake katika vituo vya serikali havilipiwi. Lakini mtu anayeishi na virusi ana mwili kama wako. Anaumwa presha, anapata sukari, anavunjika mguu kwa bodaboda, anahitaji picha ya kifua, anahitaji kulazwa. Mwanamke mwenye VVU yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya saratani ya shingo ya kizazi. Virusi vimefubaa vizuri kabisa, halafu mtu anakufa kwa sababu nyumbani hakuna pesa ya kwenda hospitali ya rufaa. Tunamzika, tunasema UKIMWI umemuua. Aliyemuua ni umaskini.

Na mtu anayejua hana pesa ya kutibiwa, kwa nini apime? Anasema moyoni, "Nikijua itanisaidia nini?" Hapo ndipo bima na kipimo vinapokutana. Kadi ya bima haitumiki kununua kipimo cha VVU. Kazi yake ni kumpa mtu moyo wa kuingia getini.

Tena tusijisahau na neno bure. Mwezi Januari mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na nchi nyingi zilizotegemea fedha zile kwa UKIMWI, yetu ikiwemo, zilitikisika. Mwaka huo huo Bunge letu likaweka tozo za kuchangia mapambano ya UKIMWI na bima ya afya kwa wote, ikiwemo kwenye mafuta. Maana yake nini? Dawa ni bure kwa anayemeza, lakini yupo anayelipa. Zamani alilipa mtu wa mbali. Sasa tunaanza kulipa wenyewe, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Je, bima ni haramu? Baraza lile lile la Fiqhi, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1985, lilisema bima ya biashara ya malipo maalumu, ambayo kampuni inauza hatari ili ipate faida, ina gharar inayoharibu mkataba. Lakini likasema mbadala wake ulio sawa ni bima ya ushirikiano, watu wanachangiana kwa nia ya kusaidiana. Sasa tazama mfuko wa afya ya jamii. Kaya zinachanga, anayeumwa anatibiwa, hakuna mwenye hisa anayegawana faida mwisho wa mwaka. Kwa uelewa wangu huu uko karibu zaidi na taawun kuliko biashara. Mwenye shaka na aulize wanazuoni anaowaamini, lakini asiifanye shaka kuwa kisingizio cha ubahili.

Hesabu ni hii. CHF iliyoboreshwa tuliyoizoea ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Ni shilingi 5,000 kwa mtu kwa mwaka mzima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 inataka kila mkazi awe na bima. Kiwango kikipanda, bado kitakuwa kidogo kuliko mbuzi na mahindi tunayouza usiku kwa bei ya kutupa mgonjwa akizidiwa.

Ila tuchange tukiwa wazima. Mnakumbuka Toto Afya Kadi, shilingi 50,400 kwa mtoto. Wazazi wengi walisubiri mtoto aumwe ndipo wakakimbilia kadi. Mfuko ukalemewa, na mwaka 2023 utaratibu ukabadilishwa, watoto wakaanza kuandikishwa kupitia shule. Anayechanga siku ya kuumwa tu ni kama mtu anayekwepa michango ya shughuli halafu anawahi sinia la pilau. Hiyo si taawun.

Na kuhusu kazini: kupima VVU katika kituo cha serikali hakuhitaji kadi ya bima. Unaogopa kujulikana Butiama? Panda gari uje Musoma, ambako hakuna anayekufahamu. Bado unaogopa? Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019, unaruhusiwa kujipima mwenyewe nyumbani. Kikionyesha unavyo, usihukumu hapo hapo, nenda kituoni wakahakikishe kwa vipimo vyao. Na kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila kibali cha mzazi. Wazazi, msilikasirikie hilo. Afadhali apime bila wewe kuliko asipime kabisa.

TUFANYE NINI MISIKITINI KWETU

1. Tuwafuate wavuvi kwa mwezi. Kila mvuvi wa dagaa anajua kwamba mbalamwezi ikijaa taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, watu wako nchi kavu na fedha ya usiku wa giza iko mfukoni. Na sisi Waislamu tunazijua siku hizo kwa jina lingine: Ayyamul Bidh, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi, tunazofunga sunna. Siku hizo hizo tuwaombe wataalamu wa afya wa halmashauri waweke hema mwaloni. Ndani ya hema moja pawe na presha, sukari, kifua kikuu, VVU, na meza ya kuandikisha bima. Anayetoka humo hakuna ajuaye ameingia kwa lipi. Aliyefunga asihofu, tone la damu ya kidole halivunji saumu.

2. Kila msikiti utenge sadaka ya Ijumaa moja kwa mwezi iwe ya kadi za bima kwa wajane, mayatima na wazee. Zaka nayo inaweza kusaidia, kwa kuwa fukara na maskini ndio wa kwanza kutajwa katika Surat At-Tawbah aya ya 60. Ili kuepuka khitilafu, mkabidhi maskini fedha mkononi iwe yake, kisha mtu amsindikize akajiandikishe. Na asiulizwe anaumwa nini. Sharti la kusaidiwa ni uhitaji tu.

3. Maimamu wenzangu, tuache kuuita ugonjwa huu adhabu kutoka mimbarini. Katika safu yuko kijana aliyezaliwa nao. Nyuma ya pazia yuko mke aliyeletewa na mumewe. Ukisema ni adhabu, umewapiga wao, na yule asiyepima umemzidishia hofu. Zinaa tuikemee kwa jina lake. Ugonjwa tuutibu kwa jina lake.

4. Wewe unayesoma. Safari yako ijayo ya hospitali, ya homa au ya jino, sema yale maneno manne.

Allah ametukataza tusijitupe kwenye maangamizo kwa mikono yetu, Al-Baqarah aya ya 195. Kutokujua kwa hiari ni mojawapo ya mikono hiyo.

Yaa Allah, waponye wagonjwa wetu, wape subira wanaomeza dawa kila siku, utie ujasiri katika nyoyo za wanaoogopa kujua, utusitiri duniani na akhera, na utufanye wenye kusitiriana. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.